Kutia shaba kwenye vitone vya heliamu kwa leza

Binti mmoja niliyemfundisha fizikia hapa Mtwara amepata nafasi ya kusoma uzamili Ujerumani, na kundi alilopangiwa linafanya kazi na vitone nano vya heliamu. Alinipigia simu zikiwa zimebaki wiki mbili asafiri.

"Shikamoo, mwalimu. Wameniandikia kwamba nitaanza na leza na shaba. Wewe uliifanya kazi hiyo. Naanzia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nenda kafunge mizigo. Mimi nitakaa chini niandike."

Nilikaa miaka minne kwenye maabara ya namna hiyo kabla ya kurudi nyumbani Chikongola, na mengi niliyoyajua kule niliyapata kwa kuharibu kwanza. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo ili yamfae na mwingine atakayejikuta mbele ya mashine ile.

Kitone nano cha heliamu ni tone lenye atomi elfu chache, na ukitaka, mamilioni. Chenye atomi 10,000 kina nusu kipenyo cha karibu nanomita 5. Kinakwenda ndani ya ombwe kwa mita mia tatu na kitu kwa sekunde, na jotoridi lake ni kelvini 0.37, yaani nyuzi 272.78 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hakuna mashine inayokifikisha hapo. Kinajipoza chenyewe kwa kuachia atomi zake ziruke, vile mtungi wa udongo unavyotoa jasho na kupoza maji ya ndani. Jotoridi hilo lilipimwa Göttingen mwaka 1995, kwa kusoma jinsi molekuli ya salfa heksafloridi inavyozunguka ndani ya kitone. Miaka mitatu baadaye kundi hilohilo la Toennies na Vilesov lilionesha kwamba molekuli ikizungukwa na atomi 60 hivi za heliamu, inaanza kuzunguka kama haiguswi na kitu. Heliamu imepoteza mnato. Ndiyo maana tunakitaka kitone hiki: chochote kinachotumbukia humo kinapoa mara moja, kinakaa kimya, na mwanga unaweza kukisoma vizuri.

Kutumbukiza gesi ni rahisi. Unapitisha vitone kwenye chumba kidogo chenye mvuke hafifu, navyo vinazoa molekuli njiani. Natri ukiipasha hadi nyuzi 200 hivi inatosha, magnesi inataka karibu 400. Shaba inakupeleka juu ya 1,000, na hapo tayari una tanuri jekundu sentimita chache kutoka kwenye nozeli ya kelvini 12, yaani mdomo mdogo ambao heliamu inatokea. Tangsteni, ambayo hata kuyeyuka inasubiri nyuzi 3,422, usiifikirie kabisa. Leza inaukwepa mlima huo kwa sababu inapasha nukta ndogo tu ya chuma, kwa nanosekunde chache, na kila kitu kingine kinabaki baridi. Claas, Mende na Stienkemeier, wakiwa Bielefeld, walichapisha vipimo vya njia hii mwaka 2003. Ukifika, omba makala yao siku ya kwanza.

Lakini usiiguse leza kabla vitone havijakaa sawa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo muda wa watu unapopotea.

Baba yangu ni fundi wa majokofu. Nikiwa darasa la sita alinikabidhi brashi ya kunyolea ndevu na kopo la maji ya sabuni, akanionesha kila kiungo cha bomba la kompresa. Mimi nilipaka haraka haraka nikamwambia, "Baba, haivuji." Hakuniangalia. Akasema, "Usiniambie haivuji. Nioneshe povu." Akachukua brashi, akapaka nati moja polepole mpaka povu likaizunguka lote, akasubiri. Nilihesabu hadi arobaini. Kisha kwenye pembe ya chini ya nati, upande usioonekana, kipovu kimoja kikavimba, kikapasuka, kikavimba tena. Kiungo hicho ndicho kilichokuwa kinamaliza gesi ya mteja kila baada ya miezi miwili.

Maabara ni vilevile, ila badala ya povu unatumia heliamu na kifaa cha kutafutia uvujaji. Kila flanji, kila gasketi ya shaba, kila mpira wa duara, upulizie nje na usubiri. Chumba cha nozeli kikiwa hakina gesi kiwe chini ya milibari 0.000001. Chumba cha spektromita ya masi, kifaa kinachotenganisha ioni (atomi au molekuli zenye chaji) kwa uzito wake, kiende chini zaidi, mara mia au elfu. Gesi yenyewe iwe safi kwa asilimia 99.9999, na hata hiyo uipitishe kwenye bomba lililozamishwa kwenye naitrojeni ya maji, kisha kwenye kichujio cha chuma. Tundu la nozeli ni mikromita 5, wakati unywele wa binadamu ni kama 70. Hewa kidogo au maji kidogo yaliyomo kwenye gesi yanaganda mlangoni, na umepoteza siku mbili kupasha moto na kupoza upya. Tundu hilo halitobolewi na fundi wa maabara. Hununuliwa kama kisahani kidogo cha platini kinachotengenezwa kwa ajili ya darubini za elektroni. Kishike kwa koleo la plastiki, usikipulize kwa mdomo.

Nozeli ikifika kelvini 14 au 12, na presha nyuma yake ikiwa bari 20 hadi 80, heliamu inayotoka inapanuka, inapoa na kujikusanya kuwa vitone. Ukishusha jotoridi vitone vinakuwa vikubwa, ukipandisha vinakuwa vidogo. Kumbuka hilo, utalihitaji kila siku. Mbele yake inakaa skima, koni ya chuma yenye tundu la nusu milimita hivi, inayopitisha katikati ya mkondo tu na kuiachia pampu gesi iliyobaki. Ikikosea mstari kwa robo milimita utaona vitone vimepungua nusu, kwa hiyo iwekwe kwenye skurubu unazoweza kuzungusha kutoka nje.

Vitone utavijua kwenye spektromita. Elektroni zikikipiga kitone, kinatema ioni za heliamu zilizoshikana: masi 8, 12, 16, 20, nyuma yake 24, 28 na kuendelea, kila hatua nne. Gesi ya kawaida ya heliamu haitoi ngazi hiyo. Fuatilia masi 8 kwa nusu saa. Ikiwa imetulia, una vitone. Ikiwa inapanda na kushuka, rudi kwenye presha na jotoridi, usisonge mbele.

Sasa chuma cha kuanzia. Mimi nasema shaba, na nina sababu ninayoikumbuka vizuri.

Mimi nilianza na magnesi, kwa kuwa nilisoma kwamba inavukizwa kirahisi. Wiki ya tatu nikaona mlima mzuri kwenye masi 24, ambayo ndiyo masi ya magnesi nyingi, karibu asilimia 79. Niliandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, nikamwita msimamizi wangu. Alikuja, akatazama skrini, hakusema kitu. Akachukua kipande cha chuma cheusi mezani akakiweka mbele ya leza. Mlima haukutikisika. Ulikuwa heliamu sita zilizoshikana, sita mara nne, ishirini na nne. Ulikuwapo tangu siku ya kwanza, leza ikiwaka au imezimwa. Alinigusa bega akarudi ofisini kwake. Nilikaa pale nikimsikia baba: nioneshe povu.

Kwa hiyo fanya hesabu ya nne kabla ya kuchagua chuma. Magnesi 24 inagongana na heliamu. Titani 48, nayo inagongana. Alumini 27 haigongani na heliamu, ila mafuta ya pampu yana kipande cha masi 27, utachanganyikiwa. Shaba ina isotopu mbili, yaani atomi zake ni za uzito wa aina mbili, 63 na 65, na hakuna hata moja inayogawanyika kwa nne. Zaidi ya hapo, asili imeipa alama ya utambulisho: 63 ni asilimia 69, na 65 ni 31. Ukiona milima miwili hapo, na mmoja una urefu wa mara mbili na kitu wa mwenzake, umeiona shaba. Magnesi utaifanya baadaye, ukisomea kwenye 25 na 26.

Tafuta nondo ya shaba safi yenye kipenyo cha milimita 6, ikerezwe iwe laini. Isikae palepale. Leza ikipiga sehemu moja inachimba shimo, na baada ya mapigo mia chache wingu linatoka kwenye mdomo wa kisima badala ya uso wa chuma: linaelekea kwingine na linapungua. Ifungie nondo kwenye skurubu yenye hesi ya nusu milimita, mota iizungushe mara moja kwa dakika. Kila mzunguko unaisogeza nusu milimita, na alama ya leza inaandika msitari wa kuzunguka kama wa uzi kwenye kigogo cha cherehani. Kwa leza inayopiga mara 10 kwa sekunde na doa la nusu milimita, kila sehemu inapata mapigo 16 hivi ndipo inapisha. Inafaa. Ikifika mwisho, mota igeuze. Mbinu ya kuzungusha shabaha ni ya siku nyingi. Kundi la Smalley kule Rice lilipogundua molekuli ya kaboni 60 mwaka 1985 lilikuwa linapiga leza kwenye kisahani cha grafiti kinachozunguka.

Uso wa nondo uwe milimita chache chini ya njia ya vitone. Unaweza kuiweka kabla ya skima, karibu na nozeli, au baada yake. Karibu na nozeli kuna gesi ya heliamu nyingi ambayo inazipunguza mwendo atomi za shaba, nami napenda hivyo, lakini kuna bei yake nitakayoitaja mbele. Baada ya skima mambo ni safi zaidi ila shaba inakuja na kasi yake yote.

Kabla ya kuwasha, macho. Leza ya neodimiamu YAG inatoa mwanga wa nanomita 1,064 ambao jicho halioni, na lenzi ya jicho lako inaukusanya kwenye nukta moja nyuma ya jicho kama inavyokusanya mwanga mwingine. Pigo moja lililorudi kutoka kwenye pete ya mkononi linatosha kukupofusha. Vua pete, bangili na saa. Vaa miwani iliyoandikwa namba ya mawimbi unayotumia hasa, maana miwani ya 1,064 haizuii kijani cha 532. Mwanga usafiri chini ya usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na usiiname kuokota kalamu leza ikiwa wazi. Kwa shaba nakushauri utumie 532: shaba inarudisha karibu mwanga wote wa 1,064, lakini kijani inakinywa zaidi, na angalau unakiona kinapokwenda. Jambo jingine ni heliamu yenyewe. Haina sumu wala harufu, lakini ikijaa chumba inaisukuma hewa nje na mtu anaanguka bila onyo. Dirisha au feni ya kutolea hewa iwe inafanya kazi kweli.

Nije kwenye nguvu ya pigo, ambako karibu kila mgeni anakosea kama nilivyokosea.

Unapiga pigo la kwanza, unachungulia kupitia kamera, unaona mwali wa kijani wa shaba ukiruka kutoka kwenye nondo. Unapendezwa. Unaongeza nishati, mwali unakua, unaongeza tena. Spektromita haioneshi kitu. Nilikaa siku nne nikiongeza.

Fanya hesabu nami. Kila atomi ya heliamu inayovukizwa kutoka kwenye kitone inaondoka na nishati kidogo sana, milielektronivolti 0.6 hivi (elektronivolti ni kipimo cha nishati cha atomi, na mili ni sehemu yake ya elfu). Kwa hiyo elektronivolti 1 iliyoingia kwenye kitone inagharimu atomi 1,600. Atomi ya shaba inayokwenda kilomita 3 kwa sekunde imebeba karibu elektronivolti 3: ikisimama ndani ya kitone, kitone kinalipa karibu atomi 5,000. Kama kilikuwa na 10,000, kimebaki nusu. Atomi ya kilomita 10 kwa sekunde imebeba 33, bei yake ni zaidi ya 50,000. Kitone hicho hakipo tena, au atomi imekitoboa ikapita. Na mwali mkubwa unaong'aa ni kundi la atomi, ioni na elektroni za mwendo huo. Atomi unazozitaka ni zile za polepole zinazofuata nyuma, zenye kasi ya mita mia kadhaa hadi elfu moja kwa sekunde, nazo haziwaki.

Bibi yangu alikuwa akibangua korosho barazani kwake Newala, na nilimtazama mkono wake kwa saa nyingi. Alikuwa na rungu dogo la mti mgumu. Ganda la korosho ni gumu na lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo mtoto hupiga kwa nguvu lipasuke upesi. Kinachopatikana ni vipande, na vipande bei yake ni nyingine kabisa na ya korosho nzima. Yeye alipiga kwenye mshono, pigo fupi, sauti moja kavu, ganda likafunguka na punje ikalala humo nzima. Alipotaka kuongeza kasi aliongeza idadi ya mapigo. Nguvu haikubadilika.

Basi weka doa la nusu milimita na nishati ndogo, milijouli 2 au 3, ambapo mwali ndio kwanza unaanza kuonekana. Panda taratibu, nusu milijouli kwa hatua, ukitazama spektromita na si kamera. Milijouli 10 kwenye doa hilo ni kama jouli 5 kwa kila sentimita ya mraba, na mara nyingi hapo ndipo ishara bora inapokaa au chini kidogo. Usijaribu kukaza doa liwe dogo: ukilifanya la sehemu ya kumi ya milimita, nishati ileile imekuwa na ukali mara 25. Na ukitaka kuvumilia shaba yenye kasi zaidi, ongeza ukubwa wa vitone kwa kushusha nozeli hadi kelvini 10, kuliko kuongeza leza.

Muda ni nusu ya kazi iliyobaki. Kama chanzo chako cha vitone kinatoa bila kukatika na leza inapiga mara 10 kwa sekunde, wingu la kila pigo linakaa kwenye njia labda mikrosekunde 50. Kwa sekunde nzima una mikrosekunde 500 za vitone vyenye shaba, sehemu 1 kati ya 2,000. Spektromita inayosoma wastani itakuambia hakuna kitu, na haitakuwa inadanganya. Lazima uisome kwa saa inayoanza na pigo la leza: unganisha ishara ya leza kwenye osiloskopu, weka spektromita ibaki masi 63, na ujumlishe mapigo elfu moja. Kama chanzo chako nacho ni cha mapigo, valvu ifunguke kwanza, kisha leza ipige vitone vikiwa juu ya nondo. Anza na nafasi ya kukadiria, halafu sogeza mikrosekunde 5 kwa 5 kwenda mbele na nyuma, ukiandika kila namba. Usitegemee kumbukumbu.

Sasa tazama wakati wa kufika. Kutoka kwenye nondo hadi spektromita kwetu ilikuwa mita 0.8. Vitone kutoka nozeli ya kelvini 14 vinakwenda karibu mita 380 kwa sekunde, kwa hiyo vinafika baada ya milisekunde 2.1. Shaba iliyotawanyika yenyewe bila kitone inafika mapema mno, ndani ya mikrosekunde mia chache. Kwenye skrini utaona mwiba mrefu mwanzoni, kisha kimya, kisha kilima kidogo kipana mahali pa milisekunde 2. Mwiba ni ule mwali uliokuwa unaushangilia. Kilima ndicho kazi yako. Siku niliyokiona mara ya kwanza kilikuwa kidogo hata nikadhani ni kelele ya umeme. Nilijumlisha mapigo 5,000 mengine nikakiona kikisimama palepale huku kelele ikishuka chini yake, na nikakaa nikikitazama mpaka taa za korido zikazimika zenyewe.

Halafu jaribu kukiua kilima hicho, kwa njia zote unazoziweza. Ziba leza: kipotee. Fungua leza, pandisha nozeli hadi kelvini 30, vitone visiwepo: kipotee. Nenda masi 65: kiwepo, kikiwa chini kidogo ya nusu ya kile cha 63. Badili jotoridi la nozeli kwa kelvini 2, hesabu mwendo mpya wa vitone, na uone kama kilima kimehama kwa kiasi ulichohesabu. Na kama nondo yako iko karibu na nozeli, hapa ndipo bei niliyoisema inapolipwa: gesi ya heliamu isiyo kitone inaweza kuibeba shaba kwa mwendo unaokaribiana na wa vitone, nayo ikafika karibu muda uleule. Nenda basi masi 67 na 69, yaani shaba iliyoondoka na heliamu moja mgongoni. Ukizipata zikifuatana hatua nne nne, 71, 73 na kuendelea, shaba ilitoka ndani ya kitone. Kilima kikipita majaribio hayo yote, mwite msimamizi.

Idadi ya atomi ndani ya kitone kimoja inafuata bahati ya kawaida ya kuokota. Ukiweka wastani uwe atomi moja kwa kitone, vitone 37 kati ya 100 havitakuwa na kitu, 37 vitakuwa na moja, 18 vitakuwa na mbili, vilivyobaki zaidi. Zikiingia mbili zinatafutana, kwa kuwa ndani hakuna mnato wa kuzizuia, zinashikana na kuachia elektronivolti 2 hivi. Unajua bei yake sasa: zaidi ya atomi 3,000 za heliamu kwa ndoa moja. Anayetaka vishada vya atomi mia anahitaji vitone vya atomi mamilioni. Kwenye vitone vikubwa sana, Gomez, Loginov na Vilesov walionesha mwaka 2012 kwamba fedha inajipanga kwa mistari kufuata vimbunga vidogo vinavyozunguka ndani ya heliamu. Picha hizo nilizibandika ukutani darasani kwangu, na wanafunzi wa kidato cha tano husimama mbele yake kuliko wanavyosimama mbele ya ubao.

Molekuli za kikaboni zinataka mkono mwepesi zaidi. Ukizipiga kama chuma unapata masizi. Changanya unga wake na unga wa grafiti, ugandamize uwe kidonge, leza iipashe grafiti nayo imsukume mwenzake atoke mzima. Njia nyingine ni kupaka molekuli kwenye karatasi nyembamba ya titani, ya mikromita 10 au zaidi kidogo, na kuipiga leza upande wa nyuma: mtikisiko unapita na kuzirusha molekuli mbele bila mwanga kuzigusa. Ioni za protini huingizwa kwa njia nyingine kabisa isiyotumia ablesheni, yaani kuvukiza kwa leza, na hiyo sitaigusa hapa.

Jambo la dirisha linasahaulika, nalo linachelewesha kazi kila wiki. Shaba inayoruka inapaka kila kitu, pamoja na kioo ambacho leza inapitia. Baada ya siku mbili ishara inashuka na mtu anafikiri nozeli imeziba. Kiweke kioo mbali, hata sentimita 30, na mbele yake bomba jembamba lenye tundu linalotosha mwanga tu. Kila asubuhi pima nishati kabla ya kioo. Mara moja kwa wiki, mashine ikifunguliwa, ipime na baada yake. Namba zikiachana, safisha.

Binti yule aliniuliza pia kama kazi hii itakuja kufanyika kwetu. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina dalili za akiba kubwa ya heliamu. Nataka siku gesi hiyo itakapoanza kutoka kuwe na Watanzania wanaojua matumizi yake mengine zaidi ya kuijaza mitungi na kuipakia melini, na mmoja wao awe ametoka Mtwara. Ndiyo sababu naandika hadi vipimo vya skurubu.

Jioni, zima leza kwanza, toa ufunguo, uweke mfukoni kwako. Simamisha mota ukiandika nondo imefika milimita ya ngapi. Zima mashine ya kupozea, lakini usifunge heliamu: acha presha ndogo ya bari moja au mbili ipite kwenye nozeli mpaka ifike jotoridi la chumba, ili kilichoganda njiani kisukumwe nje na kisivutwe mdomoni. Hilo linachukua saa kadhaa, na pampu zibaki zikizunguka. Ukirudi asubuhi, tazama masi 18, ya maji, na 28, ya naitrojeni ya hewani, kabla ya kupoza. Zikiwa juu kuliko jana, kuna mahali panavuja, na siku hiyo hutapiga leza. Utazunguka na heliamu, flanji moja baada ya nyingine, ukisubiri kwenye kila moja.